Nahodha Wengi, Chombo Huenda Mrama: Methali ya Pwani Katika Usaili wa Maafisa wa Jeshi

Kwenda mrama ni kuyumba kwa chombo, mara ubavu huu, mara ubavu ule, hali inayomtia abiria kichefuchefu muda mrefu kabla ya kumzamisha. Methali “Nahodha wengi, chombo huenda mrama” haisemi kwamba chombo huzama, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Chombo bado kinaelea, tanga bado lina upepo, mabaharia wote wako kazini, ila hakiendi popote, kwa sababu mmoja ameamuru usukani upelekwe demani na mwenziwe joshini.

Darasani methali hii hufafanuliwa kwa sentensi moja: kazi yenye wakubwa wengi huharibika. Nduguye wa bara, “Mafahali wawili hawakai zizi moja,” huletwa kuiunga mkono, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba wahenga walikuwa wakimsifu mkubwa mmoja anayesema huku wengine wamenyamaza. Tafsiri hiyo ni nyembamba, tena inasahau jinsi jahazi linavyoendeshwa. Nahodha ana serahangi anayewasimamia mabaharia; ana rubani ajuaye miamba na mikondo; ana mshika usukani ambaye mikono yake huyahisi maji kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwenye mlango wenye miamba, nahodha mwenye akili humsikiliza rubani, kisha huitoa kwa sauti yake amri iliyotokana na macho ya rubani. Ujuzi ni wa wengi, amri ni moja. Kinachokipeleka chombo mrama ni amri mbili zinazotolewa kwa wakati mmoja, hata kama zote mbili ni sahihi.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mbele ya chombo kuna mwamba. Kushoto panapitika na kulia panapitika. Mabaharia wakigawanyika nusu kwa nusu, chombo kitaupanda mwamba wenyewe. Kwa hiyo methali haiulizi ni nani mwenye akili zaidi. Inauliza ni nani atakubali wazo lake zuri lilale ili wazo zuri la mwenzake lifanye kazi. Kiswahili chenyewe kimeweka dokezo hapa: kwa mabaharia, kubisha ni kwenda dhidi ya upepo kwa kupindapinda, upande huu kisha ule, mpaka chombo kifike; kwa watu wa nchi kavu, kubisha ni kuyakataa maneno ya mwenzako. Kubisha kwa baharini hufikisha, kwa kuwa wote hugeuza tanga pamoja.

Swali hilohilo liliwasumbua Waingereza katikati ya Vita Kuu ya Pili. Maafisa walikuwa wakichaguliwa kwa mahojiano mafupi yaliyoangalia mno shule aliyosoma kijana na ukoo aliotoka, na wengi waliopita kwa njia hiyo walishindwa mafunzo na kurudishwa. Mwaka 1942 zikaanzishwa bodi mpya za uteuzi, na daktari wa magonjwa ya akili, Wilfred Bion, akaleta zoezi lililoonekana la ajabu: kundi la vijana linapewa kazi, halipewi kiongozi. Wasaili husimama kando, kimya, wakitazama. Mtego wa zoezi uko wazi, na bado huwanasa watu. Kila kijana anajua kwamba anapimwa peke yake, lakini hana namna ya kuonyesha alichonacho isipokuwa kupitia kazi ya kundi. Anayejitafutia sifa huiharibu kazi, na anayejificha ndani ya kazi haonekani. Majeshi mengi yaliyorithi mfumo wa Kiingereza, la India likiwa mojawapo, yamelihifadhi zoezi hilo mpaka leo.

Tanzania nayo ina historia yake ya kuuliza nani ashike usukani. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika mahali pa Waingereza. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Siku hizi kijana anayetamani kamisheni huanza kwa kawaida na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoundwa tarehe 10 Julai 1963, kisha usaili, kisha mafunzo ya afisa mwanafunzi huko Monduli, Arusha, ambako hatimaye hutunukiwa cheo cha luteni usu. Kwa vijana wa Songea, ambao makala haya yanawachukua kuwa mfano, hatua ya kwanza haiko mbali: kikosi cha JKT Mlale, 842 KJ, kiko katika Wilaya ya Songea.

Matogoro, pembezoni mwa mji wa Songea, chini ya milima yenye jina hilo, ni mbali na bahari kwa methali ya manahodha. Hata hivyo Mto Ruvuma huanzia katika milima hiyo na kuishia Bahari ya Hindi, kwa hiyo methali imepanda tu njia ambayo maji hushukia. Tena imekuta nchi yenye kumbukumbu inayoielewa. Wangoni wa eneo hili walikuwa na falme mbili, Njelu na Mshope, kila mmoja na Nkosi wake. Walipoingia katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, Mputa Gama akiwa Njelu na Chabruma akiwa Mshope, hawakupigana chini ya amri moja. Ni vyema kutoitwisha methali mzigo usio wake: bunduki za rashasha za Wajerumani, na njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na maghala, zingetosha kulishinda hata jeshi lenye nahodha mmoja. Lakini mji ambao kila ifikapo tarehe 27 Februari huwakumbuka mashujaa wake walionyongwa unajua kwamba amri si jambo la gwaride tu.

Tukirudi kwenye usaili, mazoezi ya kundi hutofautiana kutoka jeshi hadi jeshi. Yale ya India yanajulikana kwa undani. Kundi la watu wanane hadi kumi huanza na mjadala, hufuata kupanga mpango, kisha kazi za vikwazo. Katika vikwazo hupewa mbao, gogo na kamba, na uwanja wenye maeneo ya rangi yasiyoruhusiwa kuguswa na mtu wala kifaa. Pengo pana haliruhusiwi kurukwa. Sharti lijengewe daraja. Ubao ni mfupi kuliko pengo, na ufumbuzi mara nyingi unahitaji mtu akalie mwisho mmoja wa ubao ili mwenzake atembee juu ya mwisho mwingine unaoning’inia. Huyo aliyekaa havuki, haonekani shujaa, wala haamuru chochote. Bila yeye hakuna avukaye. Msaili mwenye uzoefu humwangalia sana, hasa kama amekwenda kukaa pale bila kutumwa.

Kupanga mpango ndiko kunakoifichua methali waziwazi. Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila unafaa mazingira ya Matogoro. Vijana wanane wako mteremkoni saa nane mchana mwezi wa Septemba, nyasi zimekauka. Moshi unapanda upande wa msitu penye chanzo cha maji. Karibu na vijana hao mzee aliyekuwa akikata kuni ameanguka na kuvunjika mguu. Wana pikipiki moja yenye mafuta kidogo, panga moja na kamba, na simu hushika mtandao kileleni tu. Kila mmoja huandika mpango wake peke yake kwa dakika kumi, kisha kundi lote hupewa dakika ishirini kukubaliana mpango mmoja na kumteua wa kuueleza.

Mipango miwili itajitokeza, na yote ina sababu. Wa kwanza unampakia mzee kwenye pikipiki kuelekea HOMSO, hospitali ya mkoa iliyoko mjini. Wa pili unaona kwamba mguu uliovunjika hautavumilia mteremko juu ya pikipiki: watu wanne wamfunge mguu na kumbeba kwa machela ya miti na mashati hadi barabarani, wawili wapande kileleni kupiga simu zimamoto na hospitali, mmoja aende na pikipiki kuwaita wananchi wenye majembe, mmoja abaki kuangalia moto unaelekea wapi. Wanne, wawili, mmoja na mmoja: wanane wametimia. Mpango wa pili ni bora, lakini hata ule wa kwanza usingemtia msaili wasiwasi mkubwa. Wasiwasi huja dakika ya ishirini, msemaji wa kundi anaposimama kueleza na ikabainika kwamba pikipiki imepangiwa kumpeleka mzee hospitali na papo hapo imepangiwa kuwaita wananchi. Hakuna aliyekosa akili katika kundi hilo. Kila mmoja alipigania kipande chake mpaka kikaingizwa, na chombo kimekwenda mrama huku manahodha wote wakiridhika.

Kwa sababu hiyo ushauri unaouzwa kwa vijana wengi, kwamba awahiye kusema ndiye achaguliwaye, ni ushauri mbaya. Kuwahi kusema si kosa, maana kundi lililonyamaza nalo halina nahodha. Kosa ni kuwahi kwa ajili ya kuwahi. Wasaili wamekwisha kuwasikia vijana wa namna hiyo wengi, na “Debe tupu haliachi kuvuma” ni methali wanayoijua. Kinachosikika vizuri zaidi ni sauti inayokusanya: fulani amesema tuanze na mzee, fulani ameuliza kuhusu mafuta, tukubaliane la mzee kwanza. Mwenye kusema hivyo ameshika usukani bila kumnyang’anya mtu.

Upande wa pili wa kosa ni ukimya, nao katika nchi hii una mizizi ya heshima. Kijana aliyefundishwa kutokata kauli ya mkubwa huweza kukaa kimya mbele ya mwenzake aliyemzidi umri au elimu, ingawa ameona kwamba kamba haitafika. Methali haimteti. Rubani aliyeuona mwamba akanyamaza kwa adabu hakuisaidia safari. Ndiyo maana zipo kazi ambazo kundi hugawanywa nusu, ili wale waliofunikwa na kelele za wengi wapate nafasi, na ipo kazi ya amri, ambapo kila msailiwa huwa kiongozi kwa zamu na huchagua wenzake wawili wa kumsaidia kuvuka kikwazo. Jina linaloitwa mara nyingi na wengine humwambia msaili mengi kuliko mahojiano marefu. Aghalabu si la mwenye misuli mikubwa. Ni la yule ambaye, alipokuwa chini ya amri ya mwenzake, alifanya kazi kwa moyo uleule aliokuwa nao alipoamuru.

Maandalizi, basi, hayahitaji uwanja wa jeshi. Mchakamchaka wa alfajiri hujenga pumzi, nayo ni ya lazima, kwa kuwa mtu aliyechoka husahau wenzake kabla ya kusahau kazi. Zaidi ya hapo vijana wanane, gogo moja, kamba mbili na mteremko wa Matogoro vinatosha. Gogo litelemshwe hadi chini bila kugusa ardhi, na amri ibadilike mikono kila baada ya hatua hamsini. Aliyemaliza zamu yake asitoe amri tena. Ashauri akiulizwa, au anapoona hatari. Kanuni hiyo ndiyo ngumu kuliko uzito wa gogo, na mara ya kwanza huvunjwa kabla ya hatua ya kumi. Wakifika chini, asiulizwe nani alikuwa hodari. Aulizwe kila mmoja ni agizo gani la mwenzake alilitekeleza ilhali yeye alikuwa na njia nyingine, na gogo lilipoyumba, lilikuwa linasikiliza sauti ngapi. Safari ya pili ianze na yule ambaye sauti yake haikusikika katika ile ya kwanza.