Dawa ya Panya

Kila Jumamosi asubuhi hapa Kisauni hupita mzee mmoja na kipaza sauti begani. Kabla hujamwona ushamsikia: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, hamsini, hamsini tu. Sauti imerekodiwa, inajirudia yenyewe, mzee mwenyewe hasemi kitu. Unampa hamsini, anakupa kipakiti, mmemalizana.

Nimeisikia sauti hiyo miaka na miaka bila kujiuliza kwa nini tunaiita dawa. Tunasema dawa ya malaria, dawa ya minyoo, dawa ya panya. Ukizipanga hivyo unaona kwamba panya si mgonjwa. Panya ndiye ugonjwa. Mgonjwa ni nyumba.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua hiyo dawa. Panya walikuwa wameshika dari yote, usiku wanakimbizana juu ya vichwa vyetu kama watoto wa madrasa wakiachiliwa. Nikaweka punje kwenye pembe. Siku ya nne dari ikanyamaza. Siku ya sita harufu ikaanza. Siku ya nane paka wa jirani yangu, mama mmoja mtu mzima ambaye hana mwingine wa kukaa naye, alikutwa amelala nyuma ya tangi la maji, damu kidogo puani. Alikuwa amekula panya wangu. Mama aliniuliza kama nimeona mtu akitega sumu pale mtaani. Nikamwambia, "La, mama, sijaona." Ndivyo nilivyosema.

Nimeanza na haya kwa sababu swali ninalotaka kuliuliza ni kubwa kuliko dari yangu, na sitaki mtu adhani naliuliza nikiwa nimekaa mahali safi. Swali ni hili: je, ni haki kuua panya wote wa kisiwa kizima, hadi wa mwisho, ili ndege wa baharini wapate kutaga?

Usidhani ni swali la darasani. Jambo hili linafanyika. Katika kisiwa cha South Georgia, kule kusini kabisa mwa Atlantiki, panya waliletwa na meli za wawinda sili na baadaye wawinda nyangumi. Hakuna aliyewaleta kwa makusudi, walipanda wenyewe kwa kamba na magunia kama kawaida yao. Kwa zaidi ya karne mbili walikula mayai na vifaranga vya ndege waliokuwa wakitaga ardhini na mashimoni. Basi mwaka 2011, kisha 2013 na 2015, helikopta zilipita juu ya kisiwa zikimwaga takriban tani 300 za chambo chenye sumu. Eneo lililosafishwa linazidi kilomita za mraba 1,000. Baadaye wakapelekwa mbwa waliofunzwa kunusa panya, wakatembezwa miezi kadhaa, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba hakuna panya hata mmoja aliyebaki. Kuna ndege mdogo mwimbaji asiyepatikana popote pengine duniani ila huko. Alikuwa amesukumwa hadi kwenye visiwa vidogo vya kando ambako panya hawakufika. Amerudi.

Na walikuwa wakishindana na wakati. Barafu kubwa zinazoteremka milimani hadi baharini zilikuwa zimekigawa kisiwa kama kuta, panya wa upande huu hawawezi kuvuka kwenda ule. Kwa hiyo unaweza kusafisha chumba kimoja kimoja. Lakini barafu hizo zinayeyuka. Wangechelewa, kuta zingeanguka.

Mtu anaweza kusema: panya anakula yai, nyoka anakula yai, hata mimi nakula yai, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba ndege hawa wamekaa mamilioni ya miaka mahali pasipo na mnyama wa kuwawinda ardhini. Hawakujifunza kuogopa. Katika kisiwa cha Gough, ambacho nacho kiko Atlantiki, si panya wakubwa, ni vipanya vya nyumbani tu vilivyoletwa na mabaharia, na vimejifunza kula vifaranga vya albatrosi. Kifaranga ni mkubwa kuliko kipanya mara nyingi sana. Anatafunwa usiku, akiwa hai, na hainuki kwenye kiota chake, kwa sababu hakuna chochote katika damu yake kinachomwambia kwamba hili ni jambo la kukimbia. Kamera zimerekodi. Nilitazama mara moja, sitarudia. Na albatrosi wa huko hutaga yai moja tu kila baada ya miaka miwili.

Kisha kuna Chagos, katika bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 2018 wanasayansi walilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya. Visivyo na panya vilikuwa na ndege wa baharini mara 760 zaidi kwa eneo lilelile. Ndege hao hula samaki mbali baharini, wanarudi, wananya kisiwani. Mvua inaisomba mbolea hiyo hadi kwenye matumbawe, na uzito wa samaki wanaoishi pale ulikuwa karibu nusu tena zaidi. Kwa hiyo panya aliyekula yai juu ya mti amempunguza samaki chini ya maji. Mvuvi yeyote wa Shimoni angekuelewa hapo bila kuhitaji maelezo.

Hiyo ndiyo hoja ya kuua, na ni hoja nzito. Sasa tuje upande wa pili.

Panya hajafanya kosa. Hakuomba kupelekwa. Sumu inayotumika sana, brodifakumu, huzuia damu isigande. Panya anaila leo na haumwi leo, na imechaguliwa makusudi kwa sababu hiyo, maana panya ni mwerevu, angeona mwenzake anaanguka hapohapo asingegusa tena. Baada ya siku kadhaa anavuja damu kwa ndani mpaka anakufa. Mwanafalsafa wa Marekani Tom Regan alishikilia kwamba mwenye haki ni mnyama mmojammoja na si spishi. Spishi haihisi maumivu. Anayehisi ni huyu, hapa, mwenye mkia. Ukikubali kumtoa huyu kafara kwa ajili ya kitu kikubwa kinachoitwa mazingira, utamkatalia vipi atakayekuja kesho na kitu kikubwa kingine?

Mwaka 2001 hoja hiyo ilipanda boti. Kisiwa cha Anacapa, karibu na pwani ya California, kilikuwa kimeandaliwa kusafishwa panya weusi. Kabla helikopta hazijaanza, watu wawili walivuka wakamwaga kisiwani punje za vitamini K. Vitamini K ndiyo kinga ya sumu ile. Ni ileile ambayo watoto wachanga hudungwa hospitalini ili wasivuje damu. Mmoja wao alifikishwa mahakamani, na hatimaye hakupatikana na hatia. Panya waliuawa hata hivyo, na ndege wanaotaga katika mapango ya kisiwa hicho wameongezeka.

Nimemfikiria sana mtu yule. Kati ya watu wote niliowahi kusikia habari zao, yeye ndiye pekee aliyewapelekea panya dawa, dawa kwa maana yake ya kweli. Nadhani alikosea. Lakini alikosea akiwa amemwona panya, na wengi wetu tunaopatia hatujamwona.

Madrasa tulifundishwa kwamba kuna wanyama watano ambao ruhusa imetolewa kuwaua hata katika ardhi takatifu, hata na aliye katika ihramu. Panya yumo. Kunguru yumo pia, na hilo linawahusu sana watu wa Pwani, maana kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akaenea pwani yote akila vifaranga vya ndege wengine, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Lakini ustadhi yuleyule alitufundisha pia kwamba ukiua, ua vizuri, noa kisu, usimtese mnyama. Na akatusimulia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Nilipokuwa mtoto niliona mafundisho haya yanapingana. Sasa naona yanakaa pamoja: ruhusa ya kuua haikuondolei hesabu ya namna ulivyoua.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu zaidi ya sumu, nalo ni maneno. Panya wa visiwani huitwa mgeni, mvamizi, asiye wa hapa. Sisi Wakenya tunajua maneno haya yanakoweza kufika. Tumewahi kusikia majukwaani watu wakiitwa madoadoa na kwekwe, na tuliona mwaka 2007 na 2008 mashamba yaliyopaliliwa kwa moto. Rwanda watu waliitwa mende. Na hapa Pwani, chai ikinoga, utasikia mtu mwenye heshima zake akisema wakuja warudi kwao.

Hata Chagos yenyewe ina habari yake. Wenyeji wa visiwa vile waliondolewa na Uingereza kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na 1973 ili Marekani ipate kambi ya kijeshi Diego Garcia. Mwaka 1966 ofisa mmoja mkubwa wa London aliandika katika waraka kwamba visiwani hakutakuwa na wenyeji wowote isipokuwa shakwe. Wewe fikiria: binadamu wakahesabiwa kama wasiokuwapo, na ndege wakapewa uenyeji. Kwa hiyo anayesema kisiwa kisafishwe anapaswa kujibu kwanza, kisafishwe nani, na nani ameulizwa.

Ndiyo maana nakataa hoja ya ugeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo tukuhesabu siku. Kama sababu ya kumuua panya ni kwamba alikuja kwa meli, basi sababu hiyo ni mbovu, na wengi wetu tusingebaki. Sababu inayosimama ni moja tu: mahali hapa, kwa kazi yetu sisi, kuna viumbe wanaoliwa hai na hawana pa kwenda, na watakwisha kabisa duniani, ilhali panya hawatakwisha. Wamejaa kila bandari. Ukimwacha panya wa kisiwani, hujajizuia kuua. Umechagua tu nani afe, na umechagua bila kutazama.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, waueni. Lakini ni ndiyo yenye masharti, na sharti la kwanza nilifundishwa na yule mama jirani.

Mwaka jana nilikwenda kwake nikakaa kibarazani nikamwambia. "Mama, yule paka ni mimi niliyemuua. Niliweka sumu, na ulipouliza nikakuficha." Alikaa kimya muda. Kisha akauliza, "Na panya waliisha, mwanangu?"

Nikamwambia hawakuisha. Baada ya miezi miwili walirudi, maana nyumba yangu imeungana na nyingine, na mtaro unapita nyuma.

"Basi alikufa bure," akasema.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya dari na kisiwa. Kisiwa kimezungukwa na bahari, kazi inaweza kumalizika. Kuua nusu ya panya ni kuua bure, kwa sababu waliobaki watazaa na mwakani utaua tena. Pale Gough walimwaga sumu mwaka 2021, na kabla mwaka haujaisha kipanya kimoja kikaonekana kwenye kamera. Vifo vyote vile, na albatrosi hawajapona. Siwalaumu waliojaribu, ila najua neno bure ni zito kiasi gani. Asiyeweza kumaliza asianze. Atakayemaliza alinde bandari, akague kila mzigo, asije akarudia.

Sharti la pili, awatafute wasiohusika kabla, si baada. Pale Anacapa kulikuwa na vipanya wa asili wa kisiwa hicho. Walikamatwa mamia, wakafugwa hadi sumu ilipokwisha, wakarudishwa. South Georgia baadhi ya ndege walikufa kwa sumu, na waliofanya kazi ile wameliandika hilo waziwazi. Mimi nilihitaji miaka miwili kumwambia mtu mmoja.

Sharti la tatu ni dogo, ni la lugha tu. Tuiite sumu. Jumamosi iliyopita mzee alipita, nikamsimamisha, nikamwuliza ana mtego. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anauza meli. Mtego hana. Ana dawa tu.