Maji ya Kihoto: Lipi la Kusubiri na Lipi la Kudai

 

Ndugu Waislamu, mtaa wa Kihoto, Naivasha, umeingiwa na maji ya ziwa zaidi ya mara moja. Yaliingia mwaka 2020, na mwaka 2025 watu walitolewa majumbani kwa mashua. Katika msiba kama huu husikika kauli mbili. Mmoja asema: hii ni amri ya Mungu, tunyamaze. Mwingine asema: tusinyamaze, tugombane na kila mtu. Wote wawili wamechanganya mambo.

Kupanda kwa maji ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ziwa hili hupanda na kushuka tangu zamani, na tangu mwaka 2010 maziwa mengi ya Bonde la Ufa, Baringo na Nakuru miongoni mwao, yamepanda. Kuyakasirikia hakuna faida, wala kafara ya mbuzi ufukweni haitayarudisha. Huo ni upotofu juu ya msiba. Lakini kuridhika na kadari si kuketi majini. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham aliambiwa kuna tauni, akaazimia kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu. Akamjibu kuwa aitoka kadari kwenda kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye upande wa malisho na upande mkavu: popote atakapochunga, ni kwa kadari.

Liko la pili, nalo ndilo zito. Maji hayakugawanya viwanja. Ikiwa yuko aliyeuza kiwanja hali ajua kuwa ziwa hufika hapo, akamficha mnunuzi, hiyo si kadari ya kusubiriwa. Ni ghushi, na aliyedhulumiwa ana haki ya kudai. Mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) ngamia wake kwa maneno makali hata Masahaba wakataka kumdhuru, Mtume akawazuia, akawafahamisha kuwa mwenye haki ana ruhusa ya kusema.

Hapa watu hutaja msamaha. Naam, Mtume hakujilipizia kisasi kwa ajili ya nafsi yake. Lakini mtu husamehe kilicho chake. Asiyeguswa na maji hawezi kumsamehe muuzaji kwa niaba ya mjane. Ukitukanwa katika foleni ya unga wa msaada, samehe uende zako. Akipunjwa mwenzio unga huo, sema. Sisi twafanya kinyume: tusi twalikumbuka mwaka mzima, na haki ya yatima twaisahau kabla ya magharibi.

Kudai nako kuna adabu. Januari 2008 Naivasha iliona ghadhabu isiyo na mpaka, watu wakachomwa moto ndani ya nyumba. Hapana haki iliyopatikana kwa moto ule. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yaruhusu kukusanyika kwa amani bila silaha na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka. Wakikuyu, hoja ya haki yenye kushinda huiita kihoto. Basi wenye mtaa waende na hoja, na hati zao mkononi.

Ama wapangaji waulizao juu ya kodi: katika madhehebu ya Imam Shafi'i, nyumba ikibomoka mkataba huvunjika kwa muda uliobaki, wala kodi ya muda huo haidaiwi. Ikiwa imesimama lakini haikaliki, mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Kodi ya miezi aliyokaa kabla ya maji ni deni juu yake, na alilipe.