Akiba Haiozi, Lakini Nani Anaibeba?



Nyumba nyingi hazigombani juu ya mambo makubwa. Hugombana juu ya ugali uliobaki, maji yaliyomwagwa, na makaa yaliyoachwa yakiteketea jikoni bila sufuria juu yake. Mume husema, "Mama watoto anaharibu mali." Mke naye husema, "Baba watoto ni bahili." Mwezi huu tujiulize: je, kutupa kitu kinachofaa ni kosa mbele ya Mungu na jirani, au ni tabia mbaya tu? Na kama ni kosa, nani nyumbani anapaswa kubeba kazi ya kuliepuka?

Kwetu Kibwezi swali la kwanza si gumu. Maji ya chemchemi ya Umani ni mvua iliyonyesha kwenye vilima vya Chyulu ikapenya katika miamba ya volkano. Mtungi wa lita 20 ni mzigo wa kilo 20 juu ya mgongo wa mtu au wa punda. Gunia la makaa kando ya barabara ya Mombasa lilikuwa mti uliokua kwa miaka mingi katika nchi kame. Kwa hiyo anayemwaga maji ovyo humwaga pia jasho la aliyeyateka, na anayechoma makaa bure hula kivuli cha mtoto ambaye hajazaliwa. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikifananisha chakula kinachotupwa na kitu kilichoibwa mezani pa maskini. Kutupa ovyo, basi, ni suala la haki.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila kutunza ni fadhila. Methali husema akiba haiozi, lakini mahindi huoza. Mwaka 2004, hapa Makueni, Kitui na wilaya nyingine, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yaliyokuwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, na ng'ombe akiila huweza kupita katika maziwa. Anayewalisha watoto mahindi yaliyovunda ili "yasipotee" anahatarisha maisha yao. Na anayempelekea jirani au kuyauza sokoni ametenda ubaya zaidi, kwa maana amelipeleka hasara lake mdomoni mwa mwingine. Kitu hutunzwa kwa ajili ya uhai. Kikianza kuudhuru uhai, kukiacha ndiyo hekima.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo mara nyingi hatuliulizi. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na nyumba nyingi zikakirudia kiondo. Ni jambo jema. Lakini nani anakikumbuka kiondo asubuhi, nani anakifua, nani anakishona kikitatuka? Nani anayetenga maganda, anayeanika mahindi, anayebeba maji ya kuoshea mboga hadi kwenye mpapai? Katika nyumba nyingi ni mke, au binti aliyetoka shule. Mume hutoa amri ya kubana matumizi, kisha huketi.

Ndugu yangu mume, nguvu za mke wako nazo ni mali ya nyumba. Zikipotea hazirudi. Ukiokoa shilingi kumi za makaa kwa kumwongezea mkeo saa moja ya kutafuta kuni, hujapunguza upotevu. Umeuhamisha tu kutoka mfukoni mwako hadi mgongoni mwake. Na kama unazo pesa za kukaa na marafiki jioni huku ukihesabu vijiko vya sukari jikoni, usiite hiyo akiba.

Nawe dada yangu, twajua kwetu ni aibu mgeni afike akose chakula. Mgeni apewe kwa moyo mweupe. Hata hivyo, heshima ya mgeni haitaki isyo ya kesho kutwa ipikwe leo na kumwagwa. Pika kiasi. Mgeni akija, chakula cha wote kitagawanywa, naye atakula mapendo yenu pia.

Wapendwa, jaribuni haya kwa mwezi mmoja:

Kwanza, anikeni mahindi yakauke kabisa juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na myaweke juu ya mbao mbali na ukuta. Baba asimamie kazi hii.

Pili, wekeni madebe mawili. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na nyingine. Maganda yaende kwenye shimo la mboji. Plastiki msiichome uani. Moshi wake una sumu na watoto wanauvuta.

Tatu, kila kazi ya kutunza iwe na mwenyewe kwa jina, wavulana kwa wasichana, baba na mama.

Nne, msipange matumizi ya kitu chochote bila yule anayekibeba kuwapo.

Jioni moja, watoto wakishalala, jibizaneni maswali haya bila kulaumiana: Wiki hii tulitupa nini ambacho kingeweza kuliwa au kutumika? Nani alichoka ili sisi tuokoe? Je, kuna kitu tunachokiita akiba ambacho kwa kweli ni uchoyo?

Anayejibu swali la pili asikatizwe. Mwenzake anyamaze, asikilize hadi mwisho, kisha aseme ni kazi ipi ataichukua kuanzia kesho.