Kupambanua na Kuhukumu

Akili ya mwanadamu haitulii mpaka imevipa vitu majina na kuviweka mahali pake. Mtoto aanzapo kusema hutaja mama, kisha maji, kisha paka. Na siku ile atambuapo ya kuwa paka wa jirani naye ni paka, ameingia katika elimu ya kupambanua. Elimu hii ni kubwa na yenye heshima. Walakini inakaa jirani na jambo jingine linalofanana nayo kwa sura, nalo ni kuhukumu. Swali ninalokuletea, ewe kijana msomaji, ni hili: je, kujua kitu ni cha aina gani ni sawa na kujua thamani yake?

Swali hili halikunijia kitabuni, bali katika mavi ya ng'ombe. Usicheke. Nilikuwa nikijifunza kazi ya ualimu chuoni, na asubuhi moja mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alitupeleka malishoni upande wa Bahati, si mbali na mji wa Nakuru. Alichukua kijiti akapindua mavi yaliyokwisha kukauka juu, na chini yake tukaona mji mzima wenye shughuli. Palikuwa na funza wa nzi, na mbawakawa wachimbao na kuyashusha mavi ardhini. Na kati yao mdudu mmoja mweusi, wa mviringo, aliyeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Mwalimu alipomgusa, mdudu alivuta miguu na vipapasio vyake akavificha, akalala kama punje ya pilipili manga. Mwenzetu mmoja aliinua kiatu ili amponde, akasema, "Mdudu wa mavi huyu, ana faida gani?" Mwalimu akamzuia kwa mkono, akamwuliza, "Umemjua ni nani, au umejua tu mahali ulipomkuta?"

Mdudu yule ni wa jamii ya mbawakawa ambayo wataalamu huiita Histeridae, na Waingereza humwita mbawakawa mchekeshaji. Duniani zimekwisha kuelezwa aina zaidi ya 4,000 za jamii hiyo. Alama zao ni hizi: mwili mgumu, mbawa za juu fupi, zisizofika mwisho wa tumbo, kana kwamba fundi alipungukiwa na kitambaa, na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko, vyenye kirungu nchani. Wengi wao ni wawindaji. Yule akaaye katika mavi hayumo humo kwa kuyapenda mavi. Hufuata mayai na funza wa nzi awale. Kila funza amlaye ni nzi mmoja ambaye hatatua juu ya chakula chako.

Wengine wa jamii hiyo hukaa katika mizoga. Wengine miili yao ni bapa, nao hupita chini ya magome ya miti iliyooza. Wengine ni wa duara refu kama kipande cha kalamu, wapate kuingia katika matundu ya wadudu watoboao miti. Wako wakaao katika viota vya ndege na mashimo ya wanyama, na wako waliojifunza kuishi kati ya chungu na mchwa. Mmoja, mdogo kuliko punje ya mtama, huonekana katika mabanda ya kuku, akila mayai ya nzi samadini. Jamii ni moja na alama zake ni zile zile, lakini makao na maisha ni mbalimbali. Asemaye kuwa amemjua mmoja na kwa hiyo amewajua wote, amepotea hata katika habari za wadudu.

Sasa nikupe mfano uigusao sahani yako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilijulikana kwamba mdudu kutoka Amerika ya Kati ameingia Tabora, katika Tanzania, naye anaharibu mahindi ghalani. Watu wakamwita dumuzi. Kufika mwaka 1983 alikuwa amevuka mpaka na kuonekana Taveta, katika Kenya. Dumuzi husaga mahindi kabla hayajaenda kinuni, na muhogo mkavu haumshindi. Wataalamu walimtafuta adui yake katika nchi alikotoka, wakampata: mbawakawa mdogo wa jamii hii hii ya mdudu wetu wa Bahati, jina lake Teretrius nigrescens. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992. Hakummaliza dumuzi, kwa sababu mwindaji hamalizi windo lake naye akaishi. Na kazi yake imefaulu mahali pengine zaidi kuliko pengine. Lakini mfikirie mkulima afunguaye ghala lake, akaona katika vumbi moja wadudu wawili wadogo wa rangi ya giza. Mmoja ni mwizi, wa pili ni askari aliyekuja kumkamata. Mkulima asiyejua kupambanua atawaponda wote wawili, kisha atashangaa mbona wizi umezidi.

Basi kupambanua ni kwema. Hatari yake iko wapi? Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa toleo la kumi la kitabu chake cha kupanga viumbe. Humo ndimo alimowapa wadudu wetu jina la Hister, ambalo kwa kawaida huunganishwa na neno la Kilatini lenye maana ya mwigizaji. Kazi hiyo inaheshimiwa mpaka leo. Lakini katika kitabu hicho hicho aliwapanga na wanadamu, kwa mabara na rangi za ngozi, akaliandikia kila kundi tabia yake. Watu wa Ulaya aliwaandika kuwa wepesi wa akili na wenye kuvumbua. Watu wa Afrika aliwaandika kuwa wavivu na wazembe, wenye kuongozwa na matakwa yao tu. Angalia kosa lilipoingia. Kwa mdudu aliandika lile lililoonekana kwa jicho. Kwa mtu aliandika uvumi, akauweka katika safu moja na alama za mwili, naye katika maisha yake hakuwahi kukanyaga Afrika. Nchi yetu iliyala matunda ya mpango wa namna hiyo, pale ardhi nzuri ya Bonde la Ufa ilipotengwa kwa rangi za watu, na Mwafrika akatembea na kipande shingoni katika nchi yake mwenyewe.

Walakini tusiwatupie wageni lawama yote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika Kenya, na mwezi wa Januari 2008 moto uliingia Nakuru. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Watu waliulizwa majina njiani, na jina lilitosha kuwa hukumu. Mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa akituuzia maziwa tangu sijazaliwa, alikimbia na watoto wake akaenda kukaa hemani katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Baba akaniambia nimpelekee blanketi. Naona haya kukuambia jibu langu, lakini nitakuambia. Nilisema, "Kwani yeye si wa upande wao?" Baba hakusema neno, alichukua blanketi akaenda mwenyewe. Mama yule alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga. Miaka kumi na saba nilimjua kwa jina lake. Wiki moja ilitosha nimjue kwa kabila lake tu. Hakurudi tena mtaani kwetu, nami sijapata kumwomba radhi.

Huenda ukasema: basi tuache kupambanua kabisa, tusitaje kabila wala lugha. Sikubali. Jina la kabila si tusi, na lugha ya mama si dhambi. Mkulima akataaye kumtofautisha dumuzi na adui yake hakuwa mwema kwa hilo, alibaki mjinga. Kosa letu ni kufunga uchunguzi pale ulipostahili kuanza.

Ziko tofauti mbili za kukuongoza. Ya kwanza: mpambanuzi wa kweli yu tayari kusahihishwa. Kundi moja la Hister alilolitaja Linnaeus sasa limekuwa jamii yenye makundi mamia, na hakuna aliyeona aibu kulipanga upya kila alipopatikana mdudu asiyelingana na maelezo. Bali ahukumuye watu kwa aina hasahihishwi na lo lote. Akimwona mwema katika kundi alichukialo husema huyo ni wa pekee, akimwona mwovu husema, "Si niliwaambia?" Ya pili: mdudu hutenda kwa maumbile yake. Hakuchagua kula funza, wala hastahili sifa au lawama kwa hilo. Mtu huchagua. Kwa hiyo aina yake yaweza kukuambia lugha aliyoimbiwa utotoni na chakula alicholishwa, lakini haiwezi kukuambia atafanya nini kesho akifika mlangoni pako. Hilo hujulikana kwa matendo yake tu, na matendo hayana kabila.

Asubuhi ile ya Bahati tulimngoja mdudu yule. Alilala kimya kitambo, kisha akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akajipenyeza tena chini ya mavi kwenda kazini kwake. Mwenzetu alikuwa amekwisha kushusha kiatu. Nawe, po pote utakapokutana na kiumbe ambaye sura yake au makao yake hayakupendezi, kabla ya kuinua kiatu jiulize swali la mwalimu wetu: nimemjua ni nani, au nimejua tu mahali nilipomkuta?