Ukarimu na Ujira

Katika masuala ambayo wenye hekima wa kila umma wameyazungumza kwa urefu, haki ya mgeni imepata fungu kubwa. Lakini mgeni waliyemzungumza aghalabu alikuwa yule abishaye hodi mikono mitupu, akapewa maji, akaandaliwa, akatandikiwa, na asubuhi akaaga kwa dua. Mgeni wa zama zetu ni mwingine. Hushuka Mombasa kwa basi la usiku, akasimama Mwembe Tayari na mkoba wake begani kabla jua halijachomoza, akazihesabu noti zilizomo mfukoni, akajiuliza ni nyumba ipi kati ya hizi nyingi zenye vibao vya kulala wageni itakayompokea kwa kiasi hicho bila ya kumdhalilisha. Yeye hakuja kuomba, amekuja kununua. Je, anunuapo kitanda kwa nakidi, haki ya mgeni imekatika baina yake na mwenye nyumba, au ingaliko, ila imefunikwa na fedha tu?

Wako wasemao kwamba imekatika kabisa, na kwamba atajaye ukarimu mbele ya daftari la gesti amechanganya mambo mawili yasiyokaa pamoja. Rai hii ina sura ya ukweli, walakini historia ya mwambao wetu haiiungi mkono. Msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta desturi ambayo aliisimulia kwa utulivu: chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kuwa huyu ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye amwuziaye bidhaa zake na kumnunulia ayatakayo, hata ikawa mtu akiuziana naye pasipo mwenyeji kuwapo, biashara ile huhesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe alipitia mlango mwingine, kwa kuwa hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, na kadhi ndiye aliyempokea. Baadaye aliteremka hadi Mombasa, akalala usiku mmoja, akaona ndizi na samaki na misikiti iliyojengwa kwa mbao, akashika njia ya Kilwa. Katika masimulizi hayo sahani ya chakula na hesabu ya faida zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, wala hapana aliyedhani kuwa moja inaitia najisi nyingine. Mwenye kusema kwamba fedha imeingia juzi katika ukarimu wa pwani na kuuharibu, anaukumbuka wakati ambao haukuwapo.

Vitabu vya dini navyo vinatuonyesha wenyeji wa namna mbili. Wa kwanza ni Nabii Ibrahimu, ambaye Taurati na Kurani zote zinamtaja akiwaharakia wageni asiowajua, akawaandalia ndama, asiwaulize watokako wala wendako mpaka chakula kimewekwa mbele yao. Huyu amesifiwa na mataifa, na anastahili. Wa pili hakusifiwa na mtu. Ni mwenye nyumba ya wageni katika mfano wa Msamaria mwema, kama ulivyo katika Injili ya Luka, aliyeletewa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akakabidhiwa dinari mbili, na kuahidiwa kwamba gharama itakayozidi italipwa Msamaria atakaporejea. Wahubiri humpita huyu mbio, maana sifa yote imekwenda kwa mpita njia mwenye huruma. Nami naona wamemdhulumu kidogo. Alipokea fedha, ni kweli, lakini alipokea vilevile majeruhi asiyemjua, pamoja na ahadi ya mtu ambaye pengine asingemwona tena, na mfano wote ungeanguka kama yeye angekuwa mtu wa kuzitia dinari mfukoni na kumtoa mgonjwa mlangoni mara Msamaria alipotoweka machoni. Ujira ule haukumwondolea amana, ulimtwika.

Hapa ndipo fikihi, ambayo wengi huidhani kuwa elimu kavu ya kuhesabu rakaa, inapotufaa kuliko mawaidha. Mwenye kukodisha chumba hauzi chumba, anauza manfaa yake kwa muda. Na wanazuoni wameshurutisha kwamba manfaa yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane, ili pasiwe na ghururi baina ya wawili. Tena wamemlazimu mwenye mali kuidhihirisha ila iliyomo ndani ya mali yake. Hadithi ya lundo la nafaka inajulikana na kila mwanachuoni wa Kiislamu: Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta unyevu, akamwuliza mwuzaji kwa nini hakuiweka ile iliyoloa juu watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si miongoni mwa watu wake. Lundo la siku hizi ni picha ya chumba katika simu. Juu yake nafaka ni kavu: shuka nyeupe, pazia lililofungwa kwa utepe, na dirisha ambalo mpiga picha amelisogelea mpaka bahari ikaonekana kama iko kizingitini. Unyevu umebaki chini, na mkono wa mnunuzi aliye Nairobi au Arusha haufiki.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao huu, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona. Na mantiki yake haipungui tutokapo katika kuuza tukaingia katika kukodi. Imamu Abu Hanifa alilegeza, akaruhusu, lakini akamwachia mnunuzi hiari: akikiona, akipenda atakishika, asipopenda atakirudisha. Ama arbuni, ile fedha itangulizwayo ili chumba kishikwe na ambayo humpotea mwenye kughairi, wanazuoni wengi waliikataa, na Imamu Ahmad bin Hanbal akaikubali. Sitoi fatwa, maana si kazi yangu. Lakini msafiri mwenye mali kidogo akizitafakari kauli hizi atapata humo busara ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha utalii. Akiweza kuingia mjini mchana, atake kuonyeshwa chumba kabla ya kutoa shilingi, kama Mshafii; asipoweza, alipie usiku mmoja tu na kubakisha hiari yake kwa siku zilizosalia, kama Mhanafi; na arbuni aitoe kwa yule tu ambaye akiulizwa juu ya ila huijibu.

Na ila ya kuulizwa kwanza Mombasa ni maji. Huo ni mji wa kisiwa, umezungukwa na bahari pande zote, na kwa miaka mingi umekunywa maji yatokayo mbali, ya chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo na ya Marere katika vilima vya Shimba. Yasipofika, watu hurejea kwenye visima vyenye ladha ya chumvi na kwenye madumu yasukumwayo kwa mkokoteni. Mwenye gesti akiulizwa, “Maji yapo?” naye akajibu kwamba ya mfereji huja siku fulani na fulani, siku nyingine hutiliwa ndooni, huyo amekwisha kukuonyesha chini ya lundo, na kwangu mimi ndoo yake ina heshima kuliko bomba lililopakwa rangi ya dhahabu ambalo hukoroma bila kutoa tone. Baada ya maji ndipo yaje mengine: chandarua kisicho matundu, komeo lifungikalo kwa ndani, feni izungukayo, dirisha lipokealo upepo wa wakati uliopo, kwani liburudishalo wakati wa kaskazi laweza kuwa bubu wakati wa kusi. Muadhini aliye jirani si ila. Ngoma za ukumbi wa starehe zikeshazo hadi alfajiri ni ila, na yampasa mwenyeji azitaje.

Kuhusu bahari yenyewe, nastaajabu jinsi akili za watu zinavyochukuliwa. Chumba kikitazama maji, bei hupanda. Kikitazama ukuta, hushuka. Ilhali anayetazama ukuta akitoka na kupanda matatu atafika ufuo wa umma wa Bamburi, akaketi juu ya mchanga uleule na kuoga katika wimbi lilelile. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeihesabu ardhi yote iliyo baina ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hilo si geni kwa watu wa dini, kwa kuwa wamepokea tangu kale kwamba wanadamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Basi aliyelipia dirisha amelipia dirisha. Si dhambi, wala simlaumu mwenye uwezo, maana kuiona bahari ukiwa kitandani ni raha ya kweli. Lakini maskini asidhani kuwa amenyimwa kitu ambacho hakuna mwenye mamlaka ya kumnyima.

Linakuja sasa jambo ambalo katika mazungumzo ya urahisi wa bei halipendwi kutajwa. Bei ikiwa ndogo, kuna aliyeifanya kuwa ndogo. Mara nyingine ni majira: mvua za masika zinyeshapo baada ya Pasaka vyumba hubaki vitupu, na mwenyeji hupunguza kwa hiari yake kwa kuwa kidogo ni bora kuliko hasara, na hapo mgeni anunue kwa moyo mweupe. Mara nyingine ni kwamba nyumba haina mapambo, haina lifti, haina bustani, na mgeni halipii asichokitumia. Hilo nalo ni halali tupu. Lakini iko bei ndogo iliyotolewa mgongoni mwa mwanamke afuaye mashuka na bawabu akeshaye mlangoni, na mgeni ashindanaye na msimamizi juu ya shilingi mia za mwisho, akazipata, akatoka akijisifu, yampasa ajue zimetoka wapi. Kinaa ni kuridhika na kidogo ulicho nacho. Kumfanya mwenzio aridhike na kidogo ulichombakishia kuna jina lingine.

Nami, baada ya kulala katika nyumba za aina zote mbili, nimeelekea rai ambayo wenye hoteli kubwa huenda wasiipende. Pale ambapo mlangoni pana mtu aliyeajiriwa kutabasamu, hatuna kipimo cha kujua kama tabasamu limetoka moyoni au limetoka katika orodha ya mshahara, na insafu inatutaka tusimshuku bali tukiri tu kwamba hatujui. Katika gesti ya bei ndogo kila kilicholipiwa kinahesabika kwa vidole: kitanda, shuka, ufunguo, sabuni ya kipande. Kinachotokea zaidi ya hivyo hakina bei. Mzee wa zamu akuambiaye, “Mwanangu, usipite njia ile usiku, zunguka huku”; mama wa jikoni, akiona umeamka na homa, akakuletea chai ya tangawizi pamoja na mahamri ambayo hukuyaagiza; kijana akupelekaye hadi kituo cha matatu za Likoni akakataa bakshishi: hivi havikununuliwa, na kwa sababu havikununuliwa, ndivyo ukarimu wenyewe, uleule wa Ibrahimu, umesimama kando ya ujira bila kuchanganyika nao. Fedha imelipia sakafu ya nyumba tu. Kwa hiyo mwenye kuchagua nyumba, akitaka kuuliza waliomtangulia, asiwaulize tu walipewa nini kwa fedha yao. Awaulize walitendewa nini ambacho hakikuwamo.

Haki haiko upande mmoja. Mapokezi ya Mtume yameweka takrima ya mgeni kuwa siku tatu, ya baada ya hapo ikawa sadaka, na kumkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji katika dhiki. Waswahili, ambao walikuwa na mashamba ya kulima, wakakaza zaidi katika methali yao, wakampa jembe siku ya tatu. Alipaye hapewi jembe, walakini adabu iliyo ndani ya maneno hayo haikufutwa kwa risiti. Yumo katika nyumba ya watu, mara nyingi familia yenyewe inakaa orofa ya chini. Mtaani pana wazee juu ya baraza, pana watoto waendao chuoni, pana wanawake ambao sitara yao imejengwa ndani ya kuta za mji tangu zamani. Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale hali amevaa nguo ya kuogea, kwa hoja kwamba amelipa, hajui alicholipia. Na ayatumiaye maji ya ndoo tatu pale palipo na ndoo mbili amekula haki ya mgeni wa chumba cha pili.

Haifai tena kudhani kwamba wote walalao katika nyumba hizi wamekuja kuogelea. Yuko mchuuzi wa Taita aliyeleta mboga sokoni akakosa gari la kurudi, yuko utingo angojaye mzigo utoke bandarini, yuko binti aliyeitwa kuhojiwa kazi, yuko mwana aliyemleta mamake hospitali na hawezi kulala wodini. Bahari kwao ni jambo la kupita. Na katika hao wako ambao hata bei ndogo imewashinda, kwa kuibiwa au kwa kucheleweshwa na mambo yasiyo katika uwezo wao. Kurani imewataja watu wa namna nane wastahikio zaka, na wa nane ni msafiri aliyekatikiwa njiani, hata kama kwao ni mtu mwenye mali. Wanazuoni wakasema apewe cha kumfikisha, maadamu safari yake si ya maasi. Wenye kugawa zaka mijini wamezoea kumfikiria mjane, yatima na mdaiwa, nao wanatenda vyema. Lakini kitanda cha usiku mmoja na nauli ya asubuhi vimo ndani ya fungu lile kwa uwazi kabisa, wala sioni hoja ya kumtoa humo mtu huyu kwa sababu tu mji aliokwamia una ufuo.