Muziki Usiomwita Mtu

Hivi muziki usiomwita mtu kucheza, unaopigwa chumbani mlango umefungwa, siyo uchoyo? Huku Dodoma swali hilo ni zito. Ngoma ya Wagogo mmoja huanzisha, wengine wakaitikia.

Mimi Makole nina kinanda cha umeme cha mitumba. Usiku nashikilia noti mbili, nazungusha swichi polepole mpaka sauti ilainike. Mama jirani akaniuliza, "Mwanangu, unampigia nani?"

Wapo watakaosema ni mambo ya Ulaya, kwani Brian Eno wa Uingereza alitoa Music for Airports mwaka 1978, muziki wa kutuliza tu. Lakini tazama ilimba, aliyoipeleka duniani Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003. Tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Kumbe kuichezea sauti wazee walikujua bila umeme!

Basi uchoyo hauko kwenye upole wa muziki. Uko wapi? Nadhani uko kwenye sikio. Anayejituliza apate nguvu ya kurudi kwa watu, huyo hana deni. Anayejituliza asisikie mtoto wa jirani akilia homa, huyo amejificha, hata kama noti zake ni tamu namna gani.

Ndiyo maana sivai spika za masikioni. Napiga kwa sauti ya chini, isiyozidi hodi. Mtu akibisha, nazima, nafungua. Kinanda kitangoja, mgonjwa hangoji.