Haki ya Kupangiwa Mpinzani

Mtu anayefungua gemu ya risasi kama Call of Duty au PUBG Mobile baada ya kazi, akiwa na saa moja tu ya kupumzika, hachagui atakayepambana naye. Anabonyeza kitufe, anasubiri kidogo, na programu inamtia uwanjani na watu asiowajua. Katika muda huo mfupi programu imekwisha kuamua jambo zito: nani ni saizi yake. Wachezaji wamegombana miaka mingi juu ya uamuzi huo, na ugomvi wenyewe, ukiutazama kwa utulivu, unatupeleka kwenye swali la kale kuliko kompyuta yoyote. Je, kuwatendea watu haki ni kuwakutanisha na wanaolingana nao?

Mitaani swali hili hujibiwa bila hesabu. Vijana wanapogawana timu za chandimu, mafundi wawili wanaojulikana hawakai upande mmoja. Kila mmoja husimama kwake, kisha huchagua wenzake kwa zamu mpaka wa mwisho. Malalamiko huwa machache, kwa sababu mgawanyo umefanyika machoni pa wote, na kila aliyepo anajua mechi ya leo ni ya kupitisha jioni au ni ya kugombea mbuzi. Programu inawajua wachezaji mamilioni kwa undani ambao nahodha wa chandimu hawezi kuufikia, lakini vitu hivyo viwili imevikosa. Inagawa gizani, na haijui mtu amekuja kutafuta nini.

Upungufu huo wa pili una historia. Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Marquette nchini Marekani, alibuni namna bora zaidi ya kuugeuza uwezo wa mchezaji wa sataranji kuwa namba. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1960, na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Ukimshinda aliyekuzidi, namba yako inapanda sana. Ukimshinda aliye chini yako, inapanda kidogo. Mwaka 2005 watafiti wa Microsoft waliutia mfumo wao wa TrueSkill katika huduma ya gemu za mtandaoni ya Xbox Live, wakaongeza jambo ambalo naliona la busara kubwa: kila mchezaji alipewa namba mbili, moja ya uwezo wake unavyokadiriwa, nyingine ya shaka iliyopo juu ya kadirio hilo. Mgeni huanza na shaka kubwa, na kila mechi humpunguzia. Ni nadra mashine kujengwa ikiwa na unyenyekevu wa kukiri kwamba bado haijamfahamu mtu.

Lakini shaka hiyo ni juu ya uwezo peke yake. Watu wa Elo walikuwa wamejiandikisha kwenye mashindano, wakaketi mbele ya ubao wakiwa na saa pembeni. Hakuna aliyehitaji kuwauliza nia zao. Kipimo kilipohamishwa kutoka ukumbi wa mashindano kwenda kwenye kochi la nyumbani, kilibeba dhana kwamba kila aliyeketi amekuja kushindana. Gemu ya Halo 3, mwaka 2007, ilijaribu kulitatua hili kwa kuweka mechi za kupanda cheo upande mmoja na mechi za kujumuika upande wa pili. Ulikuwa mwanzo mzuri. Tatizo ni kwamba nia haikai ndani ya mtu kama urefu wake unavyokaa. Mtu yule yule Ijumaa anataka kucheka na marafiki, na Jumamosi anataka kupanda cheo kwa jasho. Kwa hiyo tunaposema wachezaji wa kujifurahisha na wachezaji wa ushindani, kana kwamba ni makabila mawili, tunakosea tangu mwanzo. Yupo fundi aliyekuja kupumzika, na yupo asiyejua kulenga shabaha aliyekuja na kiu ya kushinda.

Hapo ndipo malalamiko ya mafundi yanapopata nguvu. Wanasema kupangiwa wapinzani kwa uwezo kunaifanya kila mechi kuwa fainali: ukijitahidi unaletewa wakali zaidi, na hupati nafasi ya kulegeza mabega. Nawaelewa. Lakini tuseme wachezaji wachanganywe ovyo, kama wengi wao wanavyotaka. Mechi itakayompumzisha fundi lazima iwe na watu anaowaangusha bila kujikaza, na watu hao nao wana saa yao moja ya jioni. Mapumziko yake yanalipiwa nao, tena bila kuulizwa. Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia makusudi yetu, na sioni kwa nini fundisho hilo likome kwenye mlango wa gemu. Anayeangushwa mara kumi na tano bila kumwona aliyempiga yupo pale kama pambo la furaha ya mwenzake.

Kampuni ya Activision, yenye Call of Duty, ililijaribu jambo hili la kuchanganya wachezaji kwa vitendo. Mwanzoni mwa 2024, katika Call of Duty: Modern Warfare III, ilipunguza uzito wa uwezo kwenye upangaji kwa sehemu ya wachezaji, na Julai mwaka huo ikatangaza matokeo. Katika asilimia 90 ya wachezaji, waliorudi kucheza walipungua. Walioongezeka walitoka katika asilimia 10 ya juu. Mantiki yake haina fumbo. Wa chini kabisa wakiondoka, waliokuwa juu yao kidogo ndio wanaokuwa wa chini, nao zamu yao ya kuondoka inafika.

Wengine wangefunga mjadala hapo, lakini mimi siwezi. Kampuni ilipima kurudi, na kurudi ni kitu kimoja, kutendewa haki ni kingine. Mtu hurudi pia kwenye jambo linalomnyonya. Mwaka 2017 kampuni hiyo hiyo ilipewa hataza ya mfumo ambao ungeweza kumkutanisha mchezaji mchanga na fundi mwenye silaha fulani, ili mchanga aitamani na kuinunua. Activision ilieleza kwamba mfumo huo haukutumika katika gemu yoyote, nami sina sababu ya kudai vinginevyo. Kinachonishughulisha ni kwamba ungewezekana, na mchezaji asingekuwa na njia ya kuutambua. Mizani iliyofichwa inaweza kupima chochote.

Tena kinachopimwa hakiko safi kama tunavyodhani. Mtu wa Mwanza au Mombasa mara nyingi anachezea kwenye seva iliyo Ulaya au Mashariki ya Kati. Amri ya kidole chake inavuka bahari na kurudi, na sehemu ndogo ya sekunde inayopotea njiani inatosha kumfanya afe akiwa tayari amejificha nyuma ya ukuta. Ana simu ya bei nafuu inayopata joto, na bando linaloishia katikati ya mechi. Programu inajumlisha vipigo hivyo vyote na kuviita uwezo wake, kisha inampangia wapinzani wa chini. Kwenye hesabu mambo yamelingana, naye anashinda nusu ya mechi zake. Ila fundi aliyefungwa na umbali wa seva amelinganishwa na mwanafunzi aliye karibu nayo, na huo ni usawa wa matokeo uliojengwa juu ya nyenzo zisizo sawa. Aristotle alishaonya kwamba usawa una sura zaidi ya moja, na kwamba kwanza tuulize ni usawa wa kitu gani. PUBG Mobile ililitambua hilo kwa sehemu ilipowatenga wanaocheza kwa kompyuta kupitia emuleta, yaani programu inayoiga simu, wasichanganywe na wa simu. Umbali wa seva ungestahili uangalifu wa namna hiyo.

Halafu kuna ndugu wawili, mkubwa hodari na mdogo ndiyo kwanza ameanza, wanaotaka kucheza timu moja. Wakipangiwa kwa kiwango cha mkubwa, mdogo anasagwa. Wakipangiwa kwa kiwango cha mdogo, wageni wa upande wa pili ndio wanaosagwa na kaka yake. Wastani nao unawaumiza wote kidogo kidogo. Sijaona hesabu inayolimaliza hili, na nadhani haipo, kwa sababu undugu na ushindani vinadai haki za aina tofauti. Ningependa watengenezaji wakiri hivyo waziwazi na kuwaachia ndugu hao mechi ambayo kila anayeingia anajua kwamba viwango vimechanganyika.

Msimamo wangu basi ni huu. Mgeni alindwe kwanza, kabla ya raha ya fundi, kwa kuwa yeye ndiye asiye na uwezo wa kujilinda. Lakini ulinzi huo ufanywe mchana. Mchezaji wa sataranji anayeshinda nusu ya michezo yake dhidi ya wapinzani wanaozidi kuwa wakali haoni kama amesimama mahali pamoja, kwa sababu anaiona namba yake ikipanda. Katika mechi nyingi za risasi zisizo za cheo namba ipo lakini imefichwa, hivyo jitihada ya mtu inamrudia kama mpinzani mgumu zaidi, bila neno la pongezi. Namba ionyeshwe kwa anayeitaka. Badala yake, Oktoba 2025 Activision ilitangaza kwamba Call of Duty: Black Ops 7 ingezingatia uwezo kwa kiasi kidogo sana katika upangaji wake wa kawaida. Nasikitika kwamba sauti iliyosikika zaidi ni ya wale ambao mchanganyiko unawafaidisha, maana aliyekata tamaa na kuifuta gemu kwenye simu yake hana jukwaa la kulalamikia.

Nawe fundi unayesoma haya, unayefungua akaunti mpya ili mfumo ukudhanie mgeni na ukupe wageni wa kuwinda: iache akaunti hiyo. Shaka ambayo mfumo unayo juu ya mgeni iliwekwa kwa ajili ya kumsaidia yeye, nawe umeigeuza kuwa maficho. Ukitaka kupumzika, waite marafiki zako, mfungue mechi ya faragha, mwambiane kabla ya kuanza kwamba leo hakuna cheo kinachogombewa.